Mtoto Mchanga Amegeuka Njano: Kutafuta Chanzo Damu ya Mama na ya Mtoto Zisipopatana

Mtoto alikuwa na saa 17 tangu azaliwe. Shangazi mtu alikuwa amempakata kitandani, anamgeuzageuza kwenye khanga, anasema kwa furaha, "Huyu kafuata upande wetu, tazameni alivyo mweupe." Nikamwomba nimsogeze dirishani. Nikambonyeza ncha ya pua kwa kidole, nikahesabu moja, mbili, nikaachia. Pale kidole kilipotoka pakabaki duara dogo la njano kama nyama ya embe. Nikamfunua fizi, nazo njano. Nikaenda kuitafuta kadi ya kliniki ya mama. Mahudhurio manne yalikuwa yamejazwa, presha na uzito vimeandikwa vizuri, lakini mstari wa kundi la damu ulikuwa mtupu.

Mimi ni mkunga. Naandika haya kwa ajili ya wazazi, kwa ajili ya bibi na mashangazi wanaokaa na mzazi siku za mwanzo, na kwa wakunga wanaoanza kazi. Watoto wengi wachanga hupata umanjano kidogo, na wengi wao hupona bila dawa yoyote. Kwa sababu hiyo ule wa hatari hupita katikati ya ule wa kawaida, watu wakautazama wasiushtukie. Ukitaka kuutambua, anza na saa: mtoto alizaliwa saa ngapi, na njano ilionekana saa ngapi?

Jambo moja kuhusu jina kabla sijaendelea. Wengi wetu huuita "homa ya manjano". Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, unaenezwa na mbu, ndio ule ambao wasafiri huchanjwa. Nalitaja kwa sababu nimewahi kuona baba ametumwa duka la dawa akaomba dawa ya homa ya manjano, akarudi na dawa ya malaria, huku mtoto wake akiendelea kuwa njano siku nzima.

Namna ya kumtazama mtoto

Mtoto wa Kiafrika huzaliwa na rangi nyepesi, na njano hujificha ndani ya wepesi huo. Usimtazame usiku kwa balbu ya njano wala kwa tochi ya simu. Mpeleke penye mwanga wa mchana, karibu na dirisha au mlangoni, umvue nguo. Bonyeza ncha ya pua, kisha kifua, kisha paja, kila mahali kwa sekunde mbili, uone rangi inayobaki kabla damu haijarudi. Tazama fizi, tazama weupe wa macho akifumbua, halafu viganja na nyayo.

Njano huanza usoni ikashuka. Ikifika kwenye viganja na nyayo, bilirubini, yaani kile kitu cha njano kilicho kwenye damu, imepanda sana, na hapo safari ni ya hospitali moja kwa moja, awe na umri wa siku ngapi. Hata hivyo jicho hudanganya, langu likiwemo. Jicho linakuambia tu kwamba kipimo kinahitajika. Kiasi chenyewe kinajulikana maabara.

Dalili: njano imeonekana kabla ya saa 24

Hapa hakuna cha kusubiri. Umanjano wa kawaida huanza siku ya pili au ya tatu, kwa kuwa ini la mtoto bado linajifunza kazi. Ukianza siku ya kwanza, maana yake chembe nyekundu za damu zinavunjika kwa kasi kuliko ini lolote changa linavyoweza kumudu. Chembe zikivunjika hutoa bilirubini, na bilirubini ndiyo hiyo njano. Ikizidi sana hupenya hadi kwenye ubongo.

Chanzo cha kwanza cha kufikiria ni damu ya mama na ya mtoto kutopatana. Mengine yapo: upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, maambukizi kwenye damu, au damu iliyovilia chini ya ngozi ya kichwa baada ya uzazi mgumu. Lakini anza na kundi la damu, kwa sababu jibu lake hupatikana haraka na hubadilisha kila kinachofuata.

Vinavyohitajika ni hivi: kundi la damu la mama pamoja na Rh yake, yaani ile alama inayoandikwa chanya au hasi, kundi na Rh ya mtoto, kipimo cha Coombs kutoka kwenye damu ya mtoto, kiasi cha bilirubini, na wingi wa damu (hemoglobini). Kwa wakunga wenzangu: kama mama ni kundi O, au Rh yake ni hasi, au hamjui kabisa, msiharakishe kulitupa kondo la nyuma. Damu iliyo ndani ya kitovu ni ya mtoto. Futa kitovu kwa pamba safi ili damu ya mama isichanganyike, vuta mililita chache kwenye mshipa, weka kwenye chupa, andika jina na saa. Hapo mtoto hajachomwa hata sindano moja na majibu yote ya mwanzo mnayo.

Majibu yakija, yasome hivi.

Mama O, mtoto A au B: hii ndiyo hali mnayoikuta mara nyingi zaidi. Mtu wa kundi O ana kingamwili, yaani askari wa mwili, dhidi ya A na dhidi ya B tangu utotoni, kwa sababu vijidudu vya tumboni vina kitu kinachofanana na A na B. Hahitaji kuwahi kuongezewa damu wala kuwahi kupata mimba. Sehemu ya kingamwili hizo ni ndogo kiasi cha kupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Ndiyo maana mtoto wa kwanza kabisa anaweza kupata tatizo, na ndiyo maana mama akisema "lakini mimba zangu zote zilikuwa salama" hajajibu swali. Mama wa kundi A au B naye ana kingamwili, ila nyingi ni za aina kubwa zisizopita kwenye kondo.

Mama hasi, mtoto chanya: hii ni ya Rh, hutokea mara chache kwetu, na ndiyo kali zaidi. Nitairudia chini kwa kirefu.

Kipimo cha Coombs kinaonyesha kama chembe za mtoto zimegandwa na kingamwili za mama. Kikiwa chanya kwa nguvu na mama ni hasi, jibu mnalo. Hapa ndipo vijana hukosea: mama O, mtoto B, njano saa 15, Coombs hasi, basi wanafuta tatizo la damu kwenye orodha. Msilifute. Katika tatizo la A na B, Coombs mara nyingi huwa dhaifu au hasi kabisa, kwa sababu chembe za mtoto mchanga zina alama chache za A na B za kushikwa. Mtibuni mtoto kwa kiwango cha bilirubini yake. Coombs haipunguzi njano.

Kama makundi yanapatana, tuseme mama A chanya na mtoto A chanya, na mtoto ni wa kiume, fikiria G6PD. Upungufu huu umeenea kwenye maeneo yaliyoishi na malaria karne nyingi, Pwani ikiwemo, na huwapata zaidi wavulana. Uliza nguo za mtoto zilihifadhiwa wapi. Bibi wengi huweka nguo za mtoto sandukuni pamoja na vidonge vyeupe vya naftalini ili mende na nondo wasizile, kisha siku ya kujifungua zinatolewa na kuvalishwa hivyo hivyo zikinukia. Harufu ile ile inatosha kuvunja damu ya mtoto mwenye upungufu huu. Nguo za mtoto zihifadhiwe bila naftalini, zifuliwe na kuanikwa kabla hajavaa.

Dalili: njano imeanza nyumbani, siku ya pili hadi ya tano

Shida ya tatizo la kundi O ni ratiba yake. Mama aliyejifungua salama huruhusiwa baada ya siku moja, na bilirubini hufika kileleni siku ya tatu hadi ya tano. Yaani kilele kinamkuta nyumbani, katikati ya wageni, uji na maji ya moto. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto aonwe tena kati ya saa 48 na 72 tangu kuzaliwa, na kwa mama wa kundi O au mwenye Rh hasi mimi ningesema rudi hata kama huoni kitu.

Jiulize haya. Je, njano imevuka kitovu na kushuka? Je, inazidi kutoka asubuhi hadi jioni? Je, mtoto ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, au inabidi aamshwe kila mara na akinyonya kidogo analala? Je, choo cheusi cha kwanza kimeshageuka? Bilirubini hutoka kwa njia ya choo, kwa hiyo mtoto asiyenyonya vya kutosha huirudisha mwilini. Dawa ya hapo ni titi, usiku na mchana. Maji ya glukosi hayaondoi njano. Yanajaza tumbo, titi linakosa nafasi, choo kinachelewa. Najua huwa yanapendekezwa kwa nia njema kabisa, na bado naomba yaachwe.

Mama mwingine huuliza kama maziwa yake yenyewe ndiyo yanamharibu mtoto, kwa kuwa ameambiwa damu zao "zinagombana". Hapana. Kingamwili zilipita tumboni kwa njia ya kondo. Zilizo kwenye maziwa hazivunji damu ya mtoto. Endelea kunyonyesha.

Dalili za hatari ambazo huendi kupumzika nazo

Mtoto amelegea kama kitambaa, hataki titi, analia sauti nyembamba kali isiyofanana na kilio chake, anapinda mgongo na shingo kwenda nyuma, ana homa au mwili wa baridi, au amepata degedege. Hapo bilirubini inagusa ubongo. Nimeona mtoto aliyepindwa hivyo akaitwa "ana mdudu" na kupelekwa kuchanjwa chale, akafika kwetu siku ya sita. Alipona njano. Leo hasikii na hawezi kukaa mwenyewe. Mtindio wa ubongo na uziwi unaotokana na umanjano havirudi nyuma, na vingi vingezuilika kwa siku tatu za taa ya bluu ya wodini.

Suala la jua

"Mwanike juani" ni ushauri utakaoupata kwenye kila nyumba, na una mzizi wa kweli. Mwaka 1956, kwenye hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti, Jean Ward, alikuwa na tabia ya kuwatoa watoto uani kwenye jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto aliyekuwa amepauka njano mwili mzima isipokuwa pembetatu moja iliyobaki njano sana, pale kona ya shuka ilipokuwa imemfunika. Kutokana na jicho la muuguzi yule, mwaka 1958 ikachapishwa tiba ya mwanga, na taa zote za bluu mnazoziona wodini leo zinatoka hapo.

Kwa hiyo mwanga unafanya kazi. Lakini dakika 15 za jua la asubuhi juu ya mtoto aliyefungwa khanga, uso tu nje, hazitoshi kwa mtoto ambaye damu yake inavunjika saa 24. Ukimweka uchi juani muda unaotosha, ataungua au atapatwa na baridi au joto kali. Na ubaya mkubwa ni kwamba jua humpa mzazi imani ya kusubiri kesho. Tatizo la damu haliwezi kusubiri kesho.

Dalili: yuko kwenye taa lakini bilirubini haishuki

Hii ni ya wodini, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo maisha ya watoto hupotea kimyakimya.

Kwanza hakiki namba yenyewe. Maabara nyingine hutoa jibu kwa miligramu kwa desilita, nyingine kwa mikromoli kwa lita, na moja ya kwanza ni sawa na 17.1 za pili. Mtoto aliyepimwa kituo cha afya akawa na 12, kisha hospitali akapata 205, hajapanda hata kidogo. Ni namba ile ile. Na kinyume chake pia hutokea: 18 inasomwa kama ndogo kwa mtu aliyezoea kuona mamia.

Pili, tazama taa na mtoto kama unavyotazama mgonjwa. Ngozi inayoonwa na mwanga ndiyo inayotibiwa. Nimefunua kitanda cha taa usiku nikamkuta mtoto amevaa kofia, soksi, fulana na nepi kubwa, na juu yake khanga ya mama kwa sababu "alikuwa anasikia baridi". Mtoto huyo alikuwa akitibiwa pua. Avuliwe, abaki na nepi ndogo na kitambaa cha macho, ageuzwe kila baada ya saa chache, na chumba ndicho kipashwe joto. Je, taa iko karibu kadiri mtengenezaji anavyoelekeza, au imepandishwa ili nesi apite vizuri? Mirija ina muda gani? Mirija inayowaka bado inaweza kuwa imeshachoka, mwanga wa bluu unaonekana kwa macho lakini nguvu ya kutibu imeisha. Futa vumbi. Pazia jeupe pembeni husaidia kurudisha mwanga kwa mtoto.

Tatu, muda. Mama anamtoa kunyonyesha, anakutana na mgeni mlangoni, mtoto anakaa nje dakika 50. Mara nane kwa siku, hesabu. Anyonyeshe, ndiyo, kisha arudi.

Nne, kama vyote viko sawa na namba bado inapanda, damu inavunjika kwa kasi kuliko taa inavyoondoa. Hapo ni daktari wa watoto na kufikiria kubadilisha damu. Msimwangalie rangi: ngozi iliyo chini ya taa hupauka hata damu ikiwa bado imejaa njano, kwa hiyo mtoto "kuonekana vizuri" kwenye taa hakuna maana yoyote bila kipimo.

Kubadilisha damu huwatisha wazazi, na mimi huwaeleza hivi. Mtoto wa kilo 3 ana damu kiasi cha mililita 240, pungufu ya chupa moja ya soda. Kwa njia ya mshipa wa kitovu daktari anatoa kidogo na kurudisha kidogo, mpaka ipite mara mbili ya kiasi hicho. Zinatoka chembe zilizogandwa na kingamwili, inatoka bilirubini. Kwa tatizo la A na B hutumika chembe za kundi O. Kwa tatizo la Rh lazima damu iwe hasi, na ndipo ndugu wanapoanza kupigiana simu, kwa maana damu hasi ni adimu huku kwetu. Kama kuna mama hasi mwenye kingamwili anayekaribia kujifungua, benki ya damu ijulishwe kabla ya uchungu.

Taa ikizimwa, mpime tena baada ya saa 12 hadi 24. Watoto wa tatizo la damu hupanda tena.

Mama mwenye Rh hasi

Ulaya watu kama 15 kati ya 100 ni hasi. Kwetu Afrika Mashariki ni wachache zaidi, takriban watano au pungufu kati ya 100. Kwa uchache huo husahauliwa, na mama mmoja mmoja hupita kliniki zote bila mtu kumwambia.

Kuwa hasi si ugonjwa. Nalirudia kwa sababu neno hilo hukaa kwenye kadi moja na kipimo cha virusi vya UKIMWI, na kuna mama alilia mbele yangu akidhani ameambiwa habari mbaya, na mwingine akashangilia akidhani ameambiwa habari njema. Hasi hapa maana yake chembe zako nyekundu hazina alama ya D. Basi.

Mtoto akirithi D kwa baba, mwili wa mama haujawahi kuiona alama hiyo. Mimba ya kwanza kwa kawaida hupita salama. Wakati wa kujifungua damu kidogo ya mtoto huingia kwa mama, mwili wake unaitambua kama mgeni na unatengeneza kingamwili zinazobaki miaka yote. Mimba inayofuata, zikikuta mtoto mwingine chanya, humvunja damu akiwa bado tumboni. Huyu anaweza kuzaliwa mweupe kwa kukosa damu, tumbo limejaa ini na wengu, au amevimba mwili mzima, au akafia tumboni. Kila mimba huwa mbaya kuliko iliyotangulia. Familia nyingi zenye historia ya "mtoto wa kwanza mzima, waliofuata wote walikufa" zimezunguka kwa waganga na kuvunja ndoa, na jibu lilikuwa kwenye tone la damu.

Kuna jambo la ajabu nalipenda: mama O hasi mwenye mtoto A chanya ana nafuu kidogo kuliko mama aliyepatana kundi na mtoto wake. Kingamwili zake dhidi ya A huzivunja chembe za mtoto zilizopenya kabla mwili haujapata muda wa kuitambua D. Nafuu hiyo haitoshi kuacha sindano inayozuia mwili wa mama kutengeneza kingamwili dhidi ya D.

Sindano yenyewe ni kinga ya D (anti-D), na anapewa mama, mtoto hachomwi. Hutolewa karibu na wiki ya 28 ya mimba, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni chanya. Ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960 baada ya kazi ya watafiti wa Liverpool na New York, na bado hutengenezwa kutokana na damu ya watu wanaojitolea. Mwaustralia James Harrison alitoa mara 1,173 hadi alipostaafu kwa umri mwaka 2018. Ndiyo maana ni ghali na haipo kila mahali. Ulizia mapema, mwezi wa sita wa mimba, inapatikana wapi na kwa kiasi gani, muanze kuweka akiba.

Maswali yanayokuja kila mara: Nimechelewa saa 72, nifanyeje? Nenda hata hivyo, hadi siku ya 10 bado inaweza kukinga kiasi. Mtoto wangu ni hasi kama mimi? Basi huihitaji baada ya kujifungua. Nilitokwa na mimba? Mimba iliyotoka baada ya wiki 12, mimba iliyotungwa nje ya kizazi, kutokwa damu, kuanguka au kugongwa tumbo, kumgeuza mtoto tumboni kwa mikono, vyote vinaweza kuchanganya damu, na sindano inahusika. Kwa mimba changa zaidi miongozo inatofautiana, mweleze daktari wiki zako. Nilishatengeneza kingamwili? Hapo sindano haisaidii tena. Mama huyo anafuatiliwa kwa kipimo cha kingamwili na kwa picha za ultrasound za mtoto, na ajifungulie hospitali kubwa yenye daktari wa watoto na damu.

Dalili: njano imeisha, mtoto anapauka

Watu husherehekea njano ikiisha, lakini kingamwili za mama hubaki kwa mtoto wiki kadhaa zikiendelea kula chembe polepole. Kati ya wiki ya pili na ya nane mtoto anaweza kuishiwa damu bila kuwa njano hata kidogo. Viganja vyeupe, ulimi mweupe, anahema haraka na kutoka jasho akinyonya, haongezeki uzito. Apimwe wingi wa damu wiki ya pili, ya nne na ya sita. Usinunue sirapu ya kuongeza damu kwa kubahatisha. Chembe zinavunjwa, hazikukosa madini.

Na kama njano inaendelea baada ya siku 14, tazama choo. Choo cheupe kama chokaa na mkojo wa kahawia ni njia ya nyongo iliyoziba, jambo lingine kabisa, na upasuaji wake hauna muda wa kupoteza.

Maswali ya mume na mke

"Sisi wote ni O chanya, tunaweza kuzaa?" Mnaweza, na watoto wenu watakuwa O, tatizo hili la A na B halitawagusa. Kufanana kundi hakudhuru mimba. "Mimi O, mume wangu AB?" Kila mtoto wenu atakuwa A au B, kwa hiyo kila mmoja apimwe mapema, na wengi wao hawatapata tatizo lolote. "Je, hii ndiyo selimundu?" Hapana. Selimundu ni suala la vinasaba vya AS na SS, kipimo kingine, karatasi nyingine.

"Nani mwenye kosa?" Wanaume huniuliza wakiwa wamesimama, mikono nyuma. Huwa nawaambia damu ya mtoto imetoka kwa wote wawili, na anayeweza kusaidia kwa sasa ni yule atakayeenda kupima kundi lake leo.

Yule mtoto wa saa 17 alikuwa B chanya, mama O chanya, Coombs dhaifu. Alikaa kwenye taa siku nne. Wiki ya sita shangazi mtu ndiye aliyembeba kuja kupima. Wingi wa damu ulikuwa 9.2, tukapanga arudi baada ya wiki mbili. Kabla hawajaondoka nilichukua ile kadi ya kliniki, nikaujaza ule mstari mtupu kwa kalamu ya wino, na chini yake nikaandika: mtoto wa kwanza alipata umanjano siku ya kwanza, anayefuata achukuliwe damu ya kitovu.